Dirisha la Tatu la Behewa

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyooa, na ningefurahi kuisahau. Ni siku niliyosema uongo wa maneno machache tu mbele ya watu, pale Kilosa, juu ya madirisha ya treni ya kuchezea. Usicheke kwanza. Nisikilize.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni na kichwa kikubwa. Ni miaka ile ya Ujamaa, na reli ya kwenda Mikumi ilikuwa bado mpya. Shule yetu ikaambiwa ipeleke kazi ya mikono kwenye sherehe za Saba Saba. Nikaamua tutengeneze behewa la abiria, dogo, lenye urefu wa mkono wangu. Nikamwendea Mzee Chilongola, mtu wa milima ya Mamboya, aliyekuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya kupaka rangi mabehewa ya kweli.

Mzee alikubali kwa moyo kuliko nilivyotegemea. Alichonga behewa lote kwa mbao laini. Madirisha aliyapata kwa kuloweka picha za eksirei zilizotupwa, kwenye maji ya moto na magadi, mpaka weusi ukatoka zikabaki angavu kabisa. Ndani akaweka abiria aliowachonga mmoja mmoja, wadogo kama kidole. Kisha akagundisha paa, akaniachia mimi kazi ya rangi.

"Mwalimu," aliniambia, "kazi ya rangi huanzia dirishani. Paka sabuni ya mche kila kioo, iache ikauke. Halafu kata karatasi ya gazeti, ibandike juu yake kwa uji wa ngano, pembe zote nne. Subiri mpaka kesho. Ukiwa na haraka, bora usipake."

"Nimekuelewa, mzee," nikajibu. Kumbe nilikuwa nimemsikia tu.

Nilimwona mzee wa mambo ya zamani. Mimi nilikuwa na bomba la kupulizia dawa ya mbu, nililolisafisha na kulijaza rangi, na nilitaka wanafunzi wangu waone mwalimu wao anavyopuliza rangi bila brashi. Sabuni sikuigusa. Karatasi nilizishikiza kwa tone mojamoja la uji, na kabla hazijakauka nikaanza kupuliza. Wanafunzi walinishangilia, nami nikavimba. Nilipozibandua, rangi ilikuwa imepenya chini ya kila karatasi. Nikachukua kitambaa chenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikasugua. Vioo vikawa vyeupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Hapo ningeweza kwenda kwa mzee nikamwambia. Nyumba yake haikuwa mbali. Sikwenda.

Siku ya Saba Saba mgeni rasmi alifika kwenye meza yetu. Wanafunzi wangu walikuwa wamejipanga nyuma yangu, na Mzee Chilongola alisimama pembeni katika koti lake la kazini, alilolipiga pasi kwa ajili ya siku hiyo. Mgeni akainama.

"Nimeambiwa humu ndani mna abiria. Mbona sioni kitu?"

Wote wakanitazama mimi. Nikasema, "Ni madirisha aliyotuletea mzee wetu huyu, ndugu mgeni. Yalikuwa yamechakaa. Macho yake nayo, unajua tena, umri."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mtu mmoja akamwambia mzee angemwachia mwalimu kazi yote. Mzee akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba amenyamaza. Hilo la kushukuru ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kesho yake asubuhi alinifuata darasani, wanafunzi hawapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Sabuni ulipaka?"

"Nilipaka."

Akalowesha kidole kwa mate, akasugua rangi iliyobaki kwenye pembe ya dirisha. Haikutoka. "Rangi iliyokaa juu ya sabuni hutoka kwa maji," akasema. "Jana nilijua tangu nilipoliona."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata sikuijua, kwa nini hakusema.

"Wanafunzi wako walikuwa pale. Ningesema, kesho ungewafundisha nini, na nani angekusikiliza?"

Nilitamani anitukane. Badala yake akaweka kidole kwenye dirisha la tatu. Akaniambia mle ndani amekaa marehemu mkewe, mwenye kilemba cha buluu. Mama wa watu aliomba miaka yote apandishwe treni, na yeye, mtu wa reli, kila mara alimjibu: safari ijayo. Reli ya Mikumi ilipofunguliwa, mama alikuwa ameshazikwa. "Basi nikamweka dirishani," akasema, "na yeye atazame nje."

Nilimwomba radhi, mwanangu. Alinisamehe hapohapo. Nikamwahidi kwamba Jumatatu nitasimama mbele ya wanafunzi niseme ukweli, yeye akiwepo, na dirisha nitalitengeneza. Jumatatu ikafika, nikaona haya. Nikajisemea Jumatatu ijayo. Nikawa nikimwona sokoni namwamkia, ananiitikia marahaba kama kawaida, hanikumbushi. Umeona? Alinisimulia kosa lake kwa mdomo wake, nami nikalirudia lilelile.

Masika yakaingia, Mzee Chilongola akaugua kifua, akafariki.

Siku ya pili baada ya mazishi nilikata kioo cha dirisha la tatu kwa wembe, nikaliacha wazi. Nikawaita wanafunzi nikawaambia kila kitu. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, yeye aliwahi kukusikia ukisema hivyo?"

Behewa lile lipo hapo kabatini, ulishike kwa uangalifu. Ukiinama utamwona mama na kilemba chake.

Nasaha yangu ni hii. Mwenye kazi akikuambia subiri, subiri. Ukiharibu, sema umeharibu wewe. Na ukimwaibisha mtu mbele ya watu, usiende kumwomba radhi chumbani ukadhani mmemalizana. Rudi palepale, mbele ya walewale, yeye mwenyewe akisikia. Usingoje Jumatatu.

Mungu akupe kinywa chepesi cha kukiri, mwanangu, na wale uliowakosea awaweke hai mpaka uwafikie.