Maji Yakipungua Atavuka

Harufu ya mpunga unaotia maziwa naijua hata nikifumba macho: tamu kidogo, kama uji uliopoa, na nyuma yake kuna tope. Harufu hiyo ikifika, kwelea nao wamefika, na mtoto wa Ifakara ambaye kwao walikuwa na shamba ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, alijua shule imeshaharibika. Mwalimu angegomba mpaka achoke. Ndege hawasubiri likizo. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi. Mimi na mama tulifunga godoro, sufuria na redio ya baba, tukavuka kwa pantoni, tukahamia shambani. Mama alilinda upande wa bondeni. Mimi nilipewa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye kamba zilizofungwa madebe kila upande. Ukivuta kamba madebe yanalia, ndege wanaruka, halafu wanatua palepale. Tangu alfajiri hadi jua kuzama nilipiga kelele peke yangu, na walionisikiliza ni ndege tu, tena kwa dharau.

Baba alikuwa Libya. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alianzia huko kwenye miwa, Kidatu, mpaka akatokea mtu anayetafuta mafundi, akaondoka naye kwa mkataba wa mwaka mmoja. "Mpunga ukivunwa nitakuwa nimefika," alituaga, nami nikamwamini kabisa. Alifanya kazi bandarini Benghazi, na alisema harufu ya samaki wa kule inamkumbusha nyumbani. Kila Jumapili mama alitembea hadi Lupiro, kwenye mtandao, kungoja simu yake. Lakini mwaka ule nchi ile ilikuwa imepasuka: serikali mbili, mabunge mawili, kila upande unauita mwingine waasi. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, wanasema wakubwa, na mimi nyasi mmoja nilikuwa namjua kwa jina. Kwa hiyo mama aliniongezea kazi. "Leokadia, redio hiyo si ya muziki. Sikiliza habari. Ukisikia Libya, niite."

Nilisikiliza, nikaelewa nilichoweza. Kwangu mimi nchi yenye pande mbili ilikuwa na maana moja tu: mto. Sisi wenyewe tulikuwa na upande wa Ifakara na upande wa Lupiro, na mvua zikizidi pantoni ilisimama, watu wakalala ng'ambo siku tatu wakitazama kwao kwa macho. Jioni moja nilimwita mama, nikamsomea habari kwa sauti nzito ya mtangazaji: serikali moja iko upande huu, nyingine upande ule, maji yamejaa, pantoni imesimama, ndiyo maana baba hajapata njia. "Maji yakipungua atavuka," nikamaliza. Jamani, mama alicheka! Alicheka mpaka akakaa chini na kitenge kikamdondoka kichwani. "Haya mama, wewe peke yako ndiye uliyeielewa vita hiyo." Tangu siku hiyo ikawa salamu yetu ya kulalia. Yeye anasema maji yakipungua, mimi naitikia atavuka, tunazima kibatari.

Kisha zikapita Jumapili mbili bila simu. Mchana mmoja, mpunga umeanza kuinama, nikasikia kwamba mapigano yamefika bandarini Benghazi na kwamba wafanyakazi wageni hawajulikani waliko. Mama alikuwa bondeni, mdogo kwa umbali, anarusha udongo kwa kombeo. Nilifungua mdomo nimwite kama alivyoniagiza. Sikumwita. Nilichomoa betri, nikazifunga kwenye nailoni, nikashuka na kuzifukia chini ya nguzo ya dungu, halafu nikatia ndani ya redio betri kuukuu nilizokuwa nachezea. Jioni nikasema betri zimekufa. Mama hakubisha. Kesho yake alizianika juani, kama tulivyofanya sote ili zipate nguvu kidogo, akazijaribu, akaiweka redio kando. Hakununua nyingine. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu ilikwenda mpaka mavuno. Nilidhani upweke ni kukaa juu ya dungu. Kumbe upweke wenyewe ni kula sahani moja na mama yako, usiku mkasema maji yakipungua, atavuka, na betri ziko chini ya nguzo.

Siku ya mwisho ya mavuno tulibomoa dungu tupate kuni. Mama hakutafuta. Alipiga jembe mara moja tu, palepale, akainua ile nailoni.

"Nilikuona ulipozifukia," alisema. "Jumapili yake nikazisikia habari za Benghazi kule Lupiro, nikajua kwa nini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ningelia, Leokadia. Nikilia, mpunga unalindwa na nani?"

Nilitaka anichape au anikumbatie, lolote kati ya hayo. Alizitia betri kwenye kapu, akajitwika gunia. Maji yalikuwa yamepungua, pantoni ilikwenda vizuri.

Siku hizi kuna daraja. Safari iliyotula nusu siku, na wakati mwingine wiki, pikipiki yangu inaimaliza kabla sijawaza jambo la maana. Habari za Libya ziko mfukoni mwangu, kwenye simu, saa yoyote, na bado huko kuna upande huu na upande ule. Ya baba hatujapata. Hakuna maiti, hakuna barua, na ofisi zote tulizokwenda zilituambia tuvute subira. Matanga hatukuweka. Eti mvumilivu hula mbivu. Mama amevumilia mpaka meno ya kulia hizo mbivu yameanza kung'oka. Kila msimu nikimpeleka shambani huniuliza akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki, "Libya wanasemaje?" nami hujibu, "Bado, mama."

Msimu huu tulipofika katikati ya daraja aliuliza, nikajibu. Akanigusa bega. "Simamisha."

Alishuka, akashika kingo, akayatazama maji. "Yamepungua mara ngapi tangu mwaka ule?"

Nilijua nini kinakuja, na nilikuwa nimekiogopa tangu nikiwa na miaka kumi.

"Basi mwanangu, tumlilie," alisema, akaanza. Nami nikalia, mchana kweupe, mtu mzima mwenye helmeti kichwani. Mwanamke aliyekuwa anapita na baiskeli yenye tenga la samaki alishuka, akaiegemeza, akaja mpaka tulipo.

"Shikamoo mama. Kuna nini, jamani?"

"Marahaba. Tumefiwa. Baba yake huyu."

"Poleni sana. Amefariki lini?"

Mama alinitazama kwanza, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Leo," alisema.