Sakafu ya Magamba na kanga yangu

Jamani, leo nimeionea wivu sakafu. Msicheke kwanza.

Nimempelekea mume wangu chakula kule Magamba, juu ya Lushoto, kwa mama mmoja mstaafu aliyempa kazi ya kupiga vanishi sakafu ya mbao.

Namkuta kapiga magoti! Anamwonyesha mama wa watu namna ya kuitunza. Anafuta polepole kwa kitambaa laini, kama anambembeleza mtoto.

"Mama, usipige deki kwa maji mengi, mbao zitavimba. Na meza msiburute, sakafu itachubuka."

Baba Rehema huyuhuyu! Anayeingia kwangu na gambuti zenye matope, mimi bado nimeshika tambara la deki!

Nimeweka mguu mmoja tu ndani, kanidaka: "Mama Rehema, vua viatu! Taratibu, inachubuka."

Nikamuuliza palepale, "Na mimi sichubuki?"

Yeye kaendelea kufuta tu. Mwenye nyumba kageukia dirishani.

Ndipo nikakitazama vizuri kile kitambaa laini.

Ni kanga yangu niliyokuwa naitafuta. Kaikata katikati!

Nimebeba hotipoti langu, nimeshuka nalo Lushoto na wali wake wote.

Haya, wenzangu, nyie mngemwachia?