Fundi wa Bomba la Wote

Fundi wa bomba la mtaa wetu hasalimii mtu kabla hajagusa koki. Huishika kwa vidole viwili, kama mzazi anayepima homa ya mtoto, akaisikiliza, ndipo aseme, "Hamjambo?" Viganja vyake vina kutu ambayo sabuni imeshindwa kuing'oa, na sauti yake huwa ya chini hata anapogomba. Ukiondoka ukaacha maji yanadondoka, atakuita urudi: "Njoo ufunge, ndugu yangu. Hukuzaliwa peke yako."

Juzi asubuhi jirani yetu mwenye nyumba ya ghorofa alimfuata palepale bombani, mbele ya foleni ya ndoo. Alitaka maji yageuzwe yaingie kwanza kwenye matangi yake. "Na kwako nitakuvutia bomba mpaka jikoni," alimwambia. "Mkeo apumzike kubeba ndoo. Jifikirie na wewe, bwana!"

Fundi aliendelea kukaza nati mpaka ikagoma kuzunguka. Kisha akainuka, akapangusa spana kwenye suruali. "Mke wangu yule pale," alisema. "Muulize mwenyewe."

Sote tuligeuka kumtazama, maana tulijua mgongo unavyomtesa mama yule. Alikuwa wa tisa kwenye foleni, mkono kiunoni. Alimtazama yule bwana kutoka viatuni hadi utosini, wala hakupandisha sauti.

"Shemeji," alisema, "kama una kiu, foleni inaanzia kule nyuma. Na ndoo uje nayo."