Nta Kwenye Ekzosi Siku ya Posa

Nilijiapiza mkasa huu nisimsimulie mtu, lakini kwa kuwa mjomba keshausimulia kwenye harusi mbili na msiba mmoja, heri muusikie kwangu mwenye aibu yangu.

Gari langu liliwasha taa ya njano kwenye dashibodi, ile yenye picha ya injini, likawa linakunywa mafuta kama limetumwa. Fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo akalipima kwa mashine akaniambia, "Sensa ya oksijeni imekufa. Ziko mbili kwenye bomba la ekzosi, iliyokufa ni ya mbele, karibu na injini. Nunua mpya, keshokutwa nakufungia." Keshokutwa haikunifaa, maana kesho yake mjomba na shangazi walikuwa wanakwenda Ulyankulu kuniposea Generoza, tena kwa baba yake aliyemrudisha mposaji wa kwanza kwa kosa moja tu, kwamba kijana ana papara. Nikanunua sensa, nikaamua kuifunga mwenyewe. (Mimi ni fundi cherehani. Nilijiambia spana na mkasi vyote ni vyuma.)

Nikaingia uvunguni pale nyumbani Isevya, nikaona sensa moja, na kwa kuwa ndiyo niliyoiona nikaamini ndiyo iliyokufa. Kutu ilikuwa imeing'ang'ania, spana ikateleza ikanichuna vidole, ndipo nikakumbuka mafundi baiskeli wanavyofungua nati sugu: unapasha chuma moto, unagusisha nta, inanyonywa kwenye hesi, ile mikato ya nati. Kwetu nta haikosekani, mama anauza asali. Nikafanya hivyo na sensa ikatoka laini kabisa, nikafunga mpya, na hapo ningekwenda kuoga nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini donge kubwa la nta lilikuwa limebaki, limeshika masizi, nikaona aibu kumrudishia mama, nikalishindilia lote kuzunguka sensa mpya ili siku nyingine isikwame.

Asubuhi taa ya njano ikawaka vilevile. Nikasema itazima yenyewe njiani.

Sasa, kwa desturi yetu mposaji haendi na wazee, anabaki nyumbani kusubiri jibu. Ila gari lile gia ya pili haiingii bila kubembelezwa, na anayejua kuibembeleza ni mimi, kwa hiyo tukakubaliana niende kama dereva, nivae kofia, nisishuke. Njia nzima gari lilinukia nta ya moto. Shangazi akasema, "Leo gari lako linanukia vizuri, mwanangu." Nikafurahi.

Kufika, mzee, baba yake Generoza, alikuwa na mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba. Hata sikushtuka. (Tabora nzima inajua mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki wasikie harufu wahamie. Nilijua tangu darasa la pili.) Wazee wakaingia ndani, nikabaki garini, vioo nimeshusha kwa joto, namsikia mjomba sebuleni akinipamba.

Nyuki walianza kuja wachache. Baadaye nikasikia mngurumo uvunguni, nikadhani sikuzima injini, nikagusa ufunguo, nikakuta nilishazima. Kisha wakaingia dirishani. Wa kwanza alinichoma sikioni, nikavumilia, si nimeambiwa nisishuke. Wa pili alinichoma shingoni, nikavumilia, huku mjomba anasema, "Kijana wetu ni mtulivu sana, mzee. Hata nyumba ikishika moto, huyu atatoka anatembea." Wa tatu aliingia ndani ya shati.

Sikutoka natembea. Nilikimbilia mlango wa kwanza niliouona wazi, ambao ulikuwa wa sebuleni, shati mkononi nalizungusha, napiga kelele, "Mama yangu, nakufa!" nikaruka meza, nikajificha nyuma ya kiti cha mzee mwenyewe.

Mzee akauliza taratibu, "Huyu nani?"

"Dereva," mjomba akajibu bila kunitazama. "Tumemkodi stendi."

"Hata jina hatulijui," shangazi akaongeza.

"Shikamoo mzee," nikasema, nikiwa nimechuchumaa.

"Marahaba, dereva."

Ndipo Generoza akatoka jikoni na sinia la soda, akaniona kifua wazi na sikio limevimba, sinia likamponyoka. "Emanueli! Umefanya nini?"

Nilitamani nirudi kwa nyuki.

Mzee akainuka. Alichukua kijinga kinachofuka moshi na mzinga mtupu, akaenda kwenye gari, akakaa huko muda mrefu, akarudi na kundi zima ndani ya mzinga, anatembea. Akanawa mikono. "Ana papara," akasema, na mjomba akainamisha kichwa, nami nikajua nimemkosa Generoza. Kisha mzee akaanza kunitoa miiba kwa ukucha. Akaushika uvimbe wa sikio, akaugusa wa shingo, akatazama wa mgongoni.

"Huu wa sikio umekomaa. Wa mgongoni ndiyo kwanza unaanza. Ulichomwa ukakaa?"

"Nilikaa, baba. Niliambiwa nisishuke."

Akamgeukia mjomba. "Leteni barua. Ila siku ya kumchukua binti, mje na gari la mtu mwingine."

Sensa niliyoitoa, fundi aliipima akakuta nzima, akabadilisha ile ya mbele na taa ikazima. Mimi spana sishiki tena, nashona suti zangu. Generoza ni mke wangu sasa, na tukienda Ulyankulu naandaliwa asali ya mzinga ule. Ila baba mkwe hajawahi kuniita kwa jina langu. Ananipokea begi, anasogea hadi mlangoni, ananusa, anauliza, "Dereva, umeegesha wapi?"