Mama Giza na Kichupa cha Mdogo Wake

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Daktari bingwa, wagonjwa, hata mlinzi wa getini, wote walimwita Mama Giza, naye akaitika bila kununa, maana jina hilo alilipata kazini, tena kwa heshima. Ndiye nesi wa chumba cha upasuaji aliyekuwa akizima taa. Usicheke. Kuzima taa pale si kama kuzima taa ya sebuleni ukaenda zako kulala.

Mambo yalikuwa hivi. Mgonjwa wa kansa anadungwa sindano siku moja kabla ya kupasuliwa. Ndani ya sindano mna chembechembe ndogo mno, punje ya unga ni jabali mbele yake, nazo zikishaingia kwenye damu zinazunguka mwili mzima mpaka zinajibanza palipo na kansa. Kesho yake daktari anakata uvimbe, anautoa, anasema, "Tayari." Mama Giza anapaza sauti: "Nazima!" Kila mtu anainua mikono, visu vinakaa mbali na mgonjwa, taa zote zinazimwa, na yeye anamulika kidonda kwa tochi ya buluu. Palipobaki kansa panawaka wekundu, hata ikiwa punje isiyoonekana kwa macho. Daktari anaiondoa. Wanazima tena, wanamulika tena, mpaka pasiwake kitu. Giza maana yake pasafi. "Nawasha!" anasema Mama Giza, na mgonjwa anashonwa.

"Nyumbani nikizima taa wanangu wananigombeza," alizoea kutania, "hapa bingwa mzima ananiambia asante."

Chembechembe hizo zilikuwa na udhaifu mmoja: haziwezi mwanga. Zikikaa mwangani zinachoka, na zikishachoka haziwaki tena. Ndiyo maana kila kichupa kilivikwa karatasi ya foili na kufungiwa kwenye friji. Kichupa kimoja, mgonjwa mmoja, na vingine haviletwi mpaka ipite miezi mitatu. Mlangoni mwa friji palibandikwa tangazo: KICHUPA KILICHOKAA MWANGANI HAKITUMIKI. MWAMBIE DAKTARI. Mwandiko ni wa Mama Giza mwenyewe. Alilibandika siku alipomkuta nesi mgeni amefungua kimoja mezani, akamfokea mpaka yule binti akaenda kulilia chooni.

Huyo ndiye mtu tunayemsema. Miaka kumi na moja kazini, hajaharibu hata pamba. Halafu akaugua mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno mengi na vicheko, ambaye walilala naye kitanda kimoja tangu utotoni mpaka mkubwa alipoolewa. Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto. Daktari hakumficha: kwa dawa ya kuwaka atatoa uvimbe peke yake, titi litabaki. Bila dawa hiyo hatabahatisha, ataondoa titi lote. Mdogo mtu akachagua dawa. Nani asingeichagua?

Siku ya sindano mdogo mtu alikaa kitandani, katika chumba kile chenye friji.

"Dada, mnataka kunitia nini? Mimi si gari mnipake rangi."

"Ni dawa tu, mdogo wangu."

"Dawa gani inawaka? Nikipita gizani si watu watanikimbia?"

Alicheka mwenyewe, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga, na miguu ilishaanza kutafuta viatu chini ya kitanda. Mama Giza akaona huyu anatoroka. Basi akafanya jambo ambalo kama angelifanya nesi mwingine, yeye mwenyewe angemshtaki. Akafunga mlango, akatoa kichupa kwenye friji, akakivua foili, akakimulika. Kikawaka chote, wekundu wa kaa la moto. Mdogo wake akairudisha miguu kitandani.

"Lete nishike," akasema. Akakishika, na tochi akaichukua. Mabega yakamshuka. "Kumbe kizuri hivi!"

Papo hapo mlango ukagongwa. Daktari anamtaka Mama Giza chumba cha upasuaji, mara moja, mgonjwa anavuja damu.

"Nakuja sasa hivi," akamwambia mdogo wake. "Usikiangushe."

Usikiangushe! Miaka kumi na moja, na neno lililomtoka ni hilo, utadhani anamwachia mtoto kikombe cha chai.

Hiyo sasa hivi ikawa dakika arobaini. Aliporudi alimkuta mdogo wake kando ya dirisha, jua la saa nne limemjaa mapajani, kichupa kiganjani, tochi imezimwa na kuwekwa juu ya kitanda. Akakichukua, akakiviringishia foili haraka haraka, na hakukimulika. Angekimulika angejua, na akishajua ingebidi aseme. Akajiambia dakika arobaini si nyingi. Akajiambia kioo cha dirisha kina vumbi, jua halipiti vizuri. Jamani, mtu akitaka kujidanganya hakosi vumbi! Akamtazama mdogo wake, ametulia, mkono ameshaunyoosha mwenyewe, akaona titi lile likikatwa lote kwa uzembe wake yeye. Akalipa kisogo lile tangazo, akavuta dawa, akadunga.

Kesho yake daktari alitoa uvimbe wa ukubwa wa ndimu.

"Nazima!"

Mikono juu. Akamulika. Giza tupu. Siku zote mara ya kwanza hapakosi mahali pa kuwaka, lakini safari hii hata cheche. Akaupitishia tochi ule uvimbe uliokuwa kwenye bakuli. Nao, kansa tupu, uliwaka kwa mbali tu, kisha kama haukuwaka. Daktari alikuwa ameinamia kidonda, bakuli hakuliona.

"Mama Giza, mdogo wako ana bahati," akasema, akicheka ndani ya barakoa. "Mara moja tu, pasafi."

"Daktari..."

"Naam?"

Wote wakamsubiri gizani, mikono juu. Hapo ndipo palipokuwa na uhai wa mtu, hapo kwenye ulimi wake. Angesema dawa imeharibika, daktari angeondoa titi lote na kila kilichomo, na mtu angebaki. Yeye angefukuzwa, sawa, kwani wangapi wamefukuzwa na wanaishi?

"Nawasha," akasema Mama Giza.

Maabara walipima kile kilichotolewa, kingo zake zikawa safi. Punje ya kansa iliyobaki ndani ya titi, upana wa vidole viwili pembeni, hakuna aliyewapelekea.

Mdogo wake alipona kidonda akawa haambiliki. Alijishonea magauni ya kubana, akawasimulia majirani na wateja jinsi dada yake alivyomwonyesha dawa yenyewe, akaishika kwa mkono wake huu. Mama Giza akisikia hadithi hiyo anaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Kazini akawa mkali kuliko pilipili. Aling'oa lile tangazo la friji, akabandika jingine la herufi kubwa zaidi. Aibu haikumshika hata kidogo, au ilimshika ndiyo maana akaandika, mimi sijui.

Mwezi wa tisa baada ya upasuaji ugonjwa ukarudi. Titi, kwapa, na picha ya mapafu ikatoka na madoadoa. Daktari alikaa na picha ile kwenye mwanga muda mrefu.

"Sielewi," akamwambia Mama Giza. "Palikuwa giza, wewe mwenyewe ulimulika. Ugonjwa huu mjanja sana."

Mama Giza akauacha ugonjwa ubebe lawama peke yake.

Akaomba likizo amuuguze. Mchana mmoja alikuwa akimpaka mafuta miguuni, miguu imebaki mifupa, na mdogo wake akaanza tena kumsimulia mgonjwa wa kitanda cha jirani: dada yangu huyu, alinionyesha dawa yenyewe. Uzalendo ukamshinda. Akasubiri yule jirani apelekwe kuoga, akasema yote kwa pumzi moja.

"Ile dawa iliharibika. Niliiacha mwangani mkononi mwako. Nilijua, nikakudunga. Na kule ndani nikaona haiwaki, nikanyamaza."

Mdogo wake akajiegemeza kwenye mto.

"Kwani uliporudi hukukimulika kile kichupa?"

"Sikukimulika."

"Mimi nilikimulika." Sauti ilikuwa ndogo, na hakukuwa na mzaha ndani yake. "Ulipochelewa nikawa nakiwasha nijifurahishe. Kikafifia, kikafifia, mwisho kikawa kama maji. Ndipo nikaizima tochi."

"Mbona hukusema?"

"Mimi mshonaji, dada, nitajua nini? Nikasema labda ndivyo inavyokuwa. Mwenye kazi ni wewe, kama imeharibika utasema. Nikawa nakuangalia usoni. Unavuta sindano, nakuangalia. Kesho yake wananipa nusukaputi, nakuangalia wewe tu. Nikaona hujasema kitu. Nikalala."

Mama Giza akaangua kilio, akamshika miguu ile yenye mafuta. Mdogo wake akaivuta.

"Daktari anajua?"

"Hajui."

"Basi usinililie mimi. Nenda kamwambie, nikiwa bado nipo."

Akainuka, akafuta mikono kwa kanga, akaifuata korido mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Ndani walikuwa na mgonjwa. Yule nesi mgeni ambaye yeye aliwahi kumliza ndiye aliyeshika nafasi yake, akamsikia akiita kwa sauti kavu ya mtu aliyefundishwa vizuri: "Nazima!" Mwanga ukapotea chini ya mlango. Mama Giza akangoja, ngumi ameiinua. Aliposikia "Nawasha!" akagonga.