Banda Lililotazama Njiani

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani na kurudi na kiberiti, bibi yangu alimchukua kuku wa watu mchana kweupe, wenyewe wakitazama, na wala hakukimbia.

Tulikuwa tukiishi Nyarugusu, mimi na yeye, katika nyumba iliyo kando ya njia inayoshuka machimboni. Mama alikuwa Geita mjini akihangaika na biashara ya vitenge. Siku hiyo tulitoka kuokota kuni, tukapita kwenye duara jipya, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Ukingoni alikuwa amefungwa kuku jike mwekundu, kamba ya katani mguuni, mdomo wazi, macho yanafumba na kufumbuka. Mganga wao alikuwa ameagiza: afungwe pale bila punje wala tone la maji mpaka afe mwenyewe, ndipo mwamba utafunguka.

Mimi nilitaka kujua tu. Ndiyo tabia iliyokuja kunipeleka kwenye midahalo ya chuo, na ndiyo iliyonipatia makofi mengi kabla ya hapo. Nikauliza, "Bibi, mwamba unajuaje kwamba kuku amekufa?"

Bibi akatua mzigo wa kuni. Akachomoa panga, nikajua leo napigwa ubapa. Akainama, akakata kamba.

Masanja, kiongozi wa wachimbaji wale, kijana mrefu mwenye udongo hadi kwenye kope, akaja mbio, akamwita bibi mama kwa Kisukuma.

"Mayu, shikamoo! Sasa unafanya nini?"

"Marahaba. Nampeleka mgeni wangu akanywe maji."

"Huyo si mgeni, Mayu. Huyo ni wa mwamba."

"Haya, nisikilize, ng'wana wane, mwanangu. Kiumbe anayekufa kwa kiu huwa anaomba nini? Anaomba maji. Mwacheni afie hapa, na alichokiomba mtaletewa ninyi, humohumo shimoni."

Wenzake wakacheka. Masanja hakucheka. Alikuna shingo, akasema, "Mchukue. Tutanunua mwingine. Ila ukimla tutajua."

"Nimle kwa meno yapi?" Bibi akamfunulia fizi.

Sasa watu wa mjini wakisikia habari hizi hukimbilia kusema, "imani potofu," kisha hukaa chini kana kwamba hoja imekwisha. Hoja haijaanza. Bibi yangu mwenyewe aliamini. Kwake kuku hakuwa kitoweo tu; alikulia kwenye mji ambao mfumu, yaani mganga wa jadi, alimpasua kuku na kusoma ndani yake habari za ukoo mzima. Lakini aliamini pia kwamba aliyekimbilia kwako ni mgeni, na mgeni hatupwi uwanjani alale na mbwa.

Kwa hiyo tukajenga. Kuku wetu wengine walilala jikoni pamoja na sisi na moshi, lakini huyu bibi hakutaka awachanganyikie upesi. "Mgeni huja na ugonjwa wake," alisema, "kwanza tumtazame." Tukasimamisha fito, tukazizungushia wavu wa dagaa ambao mjomba alikuwa ameuleta kutoka Chato, umefungia viazi. Chini tukaufukia na kuubana kwa mawe, maana nguchiro huchimba. Juu pia tukatandaza wavu kwa ajili ya mwewe, na upande mmoja ezeko la nyasi apate kivuli. Kona moja tukamwagia majivu ya kuogea, yaue utitiri. Maji tuliweka kwenye kigae cha chungu, yakabadilishwa asubuhi na jioni, na kinyesi kilifagiwa kila siku kabla ya sisi kunywa uji.

Sakafu niliachiwa mimi. Nikataka imfurahishe mgeni. Nikaenda mwaloni, pale wanapooshea mawe yaliyosagwa, nikajaza ndoo ya marudio, ule mchanga mwembamba unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Ukiutandaza juani unametameta kama khanga ya bi harusi. Masanja alikuwa akipita. Akanisifu: "Safi sana! Akimaliza kuudonoa huo tunampasua firigisi, hatukosi punje."

Bibi alipoona, alinikwangulisha mchanga wote, hadi udongo wa chini yake. "Humu wameoshea zebaki," alisema. "Kuku hula anapokanyaga. Na wewe utakula yai lake." Tukabeba udongo wa kichuguu badala yake, mwekundu, mkavu, tukauponda. Kuku akauparua mara moja kama aliyekuwa akiusubiri.

Jambo moja halikuniingia akilini. Kila nyumba banda la kuku huwa nyuma. La kwetu bibi aliliweka mbele kabisa, likitazama njia, kila apitaye akaona kuku, kigae, majivu, na bibi mwenyewe akifagia.

"Kwa nini mbele, bibi?"

"Upepo."

Nikasimama pale nikalowesha kidole mate. Upepo ulikuwa ukitoka upande mwingine kabisa.

Masika yakaingia. Usiku mmoja duara la akina Masanja likajaa maji mpaka mdomoni. Hakufa mtu, hakuna aliyekuwa chini, lakini magogo waliyotegemeza kuta yakaelea, na kazi ya msimu mzima ikazama. Asubuhi machimbo yote yalikuwa na sentensi moja: yule bibi alisema. Kufika mchana sentensi ilikuwa imegeuka. Alisema, au alifanya?

Hapa ndipo damu yangu huchemka hadi leo. Kwetu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu haulizwi swali. Macho yake ndiyo ushahidi wa uchawi. Yamekuwa mekundu kwa sababu gani? Kwa sababu amepika maisha yake yote kwa mabua ya pamba na samadi kavu, moshi ukimtoa machozi, ili hao hao wanaomnyooshea kidole washibe. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua maana ya wanaume kuja bila kusalimia.

Walikuja bila kusalimia. Masanja alikuwa mbele. Bibi alikuwa amechuchumaa bandani, anamwaga maji ya jana.

"Umemfugia nini humo, Mayu? Unampa nini?"

Kabla bibi hajajibu, mmoja wao wa nyuma, mbeba mawe aliyepita njia yetu kila siku na gunia mgongoni, akaguna. "Anampa pumba. Mimi si napita hapa? Majivu, maji, pumba. Hakuna kingine humo."

"Hata mimi namwonaga akifagia," mwingine akasema. "Banda lenyewe safi kuliko geto letu."

Mtu akacheka kidogo. Kuku naye akachagua saa hiyo kujitupa kwenye majivu, miguu juu, akajipaka vumbi bila haya yoyote mbele ya wageni.

Masanja akavua kofia. "Sasa ulijuaje, Mayu?"

"Nilipokuwa msichana tulichota maji pale. Mmechimba kisima changu."

"Si ungetuambia!"

"Mngenisikia? Mngesema bibi kizee anatamani duara letu. Mlikuwa mkimsikiliza kuku, nikawasemesha kwa kuku."

Masanja akachuchumaa kando ya wavu. Kisha akasema, "Shikamoo, Mayu," kama ndiyo kwanza amefika.

Jioni nilimuuliza bibi juu ya yule kuku mwingine, waliyemnunua badala ya wetu. Alichukua ufagio.

Nimesimama kwenye majukwaa ya midahalo nikawaacha wapinzani wangu wakitafuta maji ya kunywa. Swali lile la kuku wa pili bado silifungui. Banda nimelielewa. Bibi alijua tangu siku aliyokata kamba kwamba neno lake lingetimia, na kwamba neno la mwanamke mzee likitimia, watu huja; basi akataka wanaokuja wawe wamekwisha kuona kila kilichomo. Alifariki kitandani kwake, usingizini, kwa uzee mtupu, na kwetu hilo si jambo dogo.

Likizo iliyopita nilimjengea mama banda la kuku, Geita. Nyavu chini na juu, udongo wa kichuguu, majivu kona moja. Jirani alisimama njiani akauliza kwa nini nimeliweka mbele ya nyumba na uwani kuna nafasi tele. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto, anakohoa, anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Upepo," nikamwambia.