Upande wa Maji ya Moto

Mpaka leo nikimwona fundi anayetaja ugonjwa wa bomba huku mikono yake iko mfukoni, damu inanichemka.

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa karani wa serikali Gisenyi, na nyumba niliyopanga ilikuwa na kitu ambacho ukoo wetu mzima haukuwahi kukimiliki: bomba la jikoni lenye vishikio viwili, cha buluu cha maji baridi na chekundu cha maji ya moto, yote yakitokea mdomo mmoja. Ya moto yalishuka kutoka kwenye mtungi wa umeme uliotundikwa ukutani. Kwa sababu ya bomba hilo niliweza kumchukua mama kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa kaka yangu na kumleta kwangu. Vidole vyake vilikuwa vinavimba na kumuuma akigusa maji ya baridi, lakini vikiwa vikavu vilifungua hata kopo lililonishinda mimi. Aliosha vyombo asubuhi na jioni, wala hakuniachia hata kijiko.

"Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe," alikuwa akisema. "Jembe yangu ni hizi sahani."

Kisha maji ya moto yakaanza visa. Ukifungua kishikio chekundu yalitoka kwa nguvu, ukihesabu mpaka ishirini yakawa membamba kama uzi wa kushonea. Ya baridi, kwenye mdomo uleule, yalikurukia mpaka kifuani. Mama hakulalamika. Aliosha kwa maji ya baridi kimyakimya mpaka jioni niliyomkuta ameibana mikono kwapani, machozi yakimlengalenga. Nikampiga marufuku kusogelea sinki. Ndiyo, mama yangu mzazi, nikamkataza. Na usiniambie ningemchemshia kwa makaa: mimi nashinda kazini, nani angemwinulia sufuria?

Siku ya nne alituma salamu ng'ambo kupitia mwanamke mmoja aliyevuka mpaka kila siku na nyanya zake: kaka aje Jumapili baada ya misa, amchukue.

"Sijakasirika," aliniambia. "Lakini jembe umeninyang'anya. Mi siwezi kukaa hapa kama picha ya ukutani."

Nilikuwa na siku nne za kutengeneza bomba, la sivyo mama anaondoka.

Fundi wa kwanza alichungulia chini ya sinki, mikono mfukoni. "Madame, pression, nguvu ya maji ya muji, iko chini."

"Na haya ya baridi yanatoka mji gani?" Nikafungua cha buluu, yakamlowesha shati.

Akajifuta. "Bon. Maji ya moto iko nzito kidogo."

Nzito! Nilitamani kumpa ndoo mbili, moja ya moto na moja ya baridi, abebe mpaka Rubona kisha aniambie ipi nzito.

Wa pili alikuja siku iliyofuata. Aliugonga mtungi kwa kidole kama mtu anayechagua boga sokoni. "Chauffe-eau imekufa, madame. Ununue ingine."

"Imekufa vipi na maji yake yanababua?"

"Ni vile zinakufaka." Akainama, akabandua kifuniko cha kishikio chekundu kwa ukucha, akatazama skrubu iliyo ndani. "Hii vis iko na mikwaruzo. Nani alifungua hapa?"

"Hakuna aliyegusa kitu!"

"Bwana iko wapi? Nimuelezee yeye."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimfukuza hadi barabarani, nikamwita mwizi mbele ya watu waliokuwa wakitoka Grande Barrière, geti kubwa la mpakani, na mizigo kichwani. Mama aliyekuwa mlangoni akageuka akaingia ndani, naye hakuwa mtu wa kuupa ugomvi mgongo.

Jumamosi alikuwa anakunja vitenge vyake. Kila kitenge kilipoingia sandukuni nilizidi kupandwa na hasira. Wanaume wawili, na hakuna hata mmoja aliyefungua bomba! Nikaenda kwa jirani kuazima spana. Nilikuwa nimeshafikiri hivi: kama maji ya upande wa moto yanakuja kwa nguvu yakiwa bado hayajapata joto, basi njia iko wazi, kuna kitu ndani kinachovimba kikipata joto. Nikafunga maji chini ya sinki, nikabandua kifuniko chekundu kwa kisu, nikafungua.

Mahali pa kile kipira kidogo cha kuzuia maji palikuwa na kipande cha kijani, laini, kimevimba hadi kuziba tundu. Kilikuwa na michirizi myeupe, kama soli ya kandambili. Nikafungua mdomo nipige kelele, kwamba mafundi wa mji huu wanatutilia viatu ndani ya mabomba.

Macho yakaangukia kandambili za mama pale mlangoni. Za kijani, zenye michirizi myeupe. Moja ilikuwa na kishimo cha duara kwenye kisigino.

Nikakumbuka. Bomba lilikuwa linadondosha, tone kwa tone, na mama aliniomba mara tatu nimwite mtu. Nikasema kesho, kesho. Kisha likanyamaza, nami nikamshukuru Mungu. Kumbe ni yeye. Kwetu Goma kila bomba lililolia alilinyamazisha kwa kipande cha kandambili, na dawa hiyo haikumwangusha, kwa kuwa mabomba yetu hayakuwahi kuonja maji ya moto. Nilijichukia. Na yule fundi wa pili, aliyeuliza swali la haki akaitwa mwizi, sijamwomba radhi mpaka leo.

Nikatia kile kipande mfukoni, nikashuka dukani, nikarudi na kipira kigumu cheusi. Maji yakatoka yakifuka moshi, na hayakupungua.

Jumapili kaka alipofika alimkuta mama kwenye sinki, mikono imezama katika maji ya moto.

"Ilikuwa nini?" mama aliniuliza bila kugeuka.

"Fundi wa zamani wa mwenye nyumba," nikasema. "Aliweka mpira mbaya."

Akasugua sahani moja muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Wale mafundi hawana haya," alisema. Kisha, polepole: "Lakini alikata muzuri? Ilikuwa muviringo?"

"Mviringo kabisa, mama. Kama sarafu."

Akaitikia kwa kichwa, akaiweka sahani ikauke, akamgeukia kaka.

"Kunywa chai yako urudi kabla barrière haijafungwa. Mi niko na kazi."